Likasi: Marashi na mafuta ya kunukia ya bandia yana historia ndefu kuliko mji huu

Mama aliyefika Likasi akiwa amekimbia makao yake mara nyingi huanza biashara kwa kitu kinachobebeka kwenye beseni: sabuni, vitana, biskuti, chupa ndogo za marashi, mafuta ya karafuu ya kutuliza jino. Chupa zinachukuliwa kwa mkopo kwenye depo, zinauzwa moja moja Kikula, Panda au Shituru, na jioni deni linalipwa. Ikiwa nusu ya chupa hizo ni maji yenye rangi, deni linabaki palepale. Mteja anarudisha chupa yake kwa hasira, na mwenye depo anasema si yeye aliyeichanganya.

Wanaoumia zaidi katika biashara hii ni wale wasiomjua muuzaji. Familia iliyohama imepoteza nyumba na shamba, na pamoja na hayo imepoteza duka la mtu waliyezoeana naye miaka mingi, ambaye angeona aibu kuwadanganya. Tangu zamani, kumjua muuzaji ndiyo ilikuwa kinga kubwa ya mnunuzi wa manukato. Asiyekuwa na kinga hiyo ilimbidi apime mwenyewe. Vipimo hivyo, vingine vina karibu miaka elfu mbili, bado vinafanyika leo kwa glasi ya maji na kipande cha karatasi. Kinachotakiwa ni kujua kila kipimo kinaona nini, na nini hakikioni.

Mwandishi wa Roma aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79 wakati wa mlipuko wa volkano ya Vesuvius, aliandika kuhusu zeri ya Yudea. Ilikuwa utomvu wa kichaka kilicholimwa katika mashamba machache tu, na Warumi walipoiteka nchi ile, hazina yao ndiyo iliyouza. Pliny anaeleza kwamba kipimo cha karibu nusu lita kilitoka hazina kwa dinari 300, kisha kikauzwa tena kwa dinari 1,000. Faida ya namna hiyo huwaita wadanganyifu. Walichanganya zeri na mafuta ya bei ndogo, nta na gundi. Kwa hiyo wanunuzi walikuwa na majaribio yao: zeri safi ilisemwa kwamba hugandisha maziwa, na kwamba haiachi doa kwenye nguo.

Jambo la maziwa si la kutegemea kwa bidhaa za leo, lakini lile la nguo lina akili. Mafuta ya kunukia hasa, yale yanayotolewa kwa mvuke kwenye majani, maua au magamba, hupanda hewani na kuisha. Mafuta ya mawese, ya karanga au ya alizeti hayapandi popote. Tone la mafuta ya mchaichai, ambao wengi hapa huuita sinda, likiwekwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa hadi kesho yake, karatasi inabaki karibu kavu. Likiwa limechanganywa na mafuta ya kupikia, kunabaki duara linalong'aa ambalo mwanga hupita ukiinua karatasi juani. Mafuta mazito kama ya sandali huchukua muda mrefu zaidi na huweza kuacha alama kidogo, kwa hiyo hayo yasihukumiwe haraka.

Kipimo cha pili ni maji, na hapa wazee waliofanya kazi kiwandani Shituru wataelewa mapema kuliko watu wengine. Kiwanda cha Shituru cha kutoa shaba kwa umeme kilianza mwaka 1929, wakati wa Union Minière, miaka miwili kabla mji haujapewa jina la Jadotville. Shaba hapo huyeyushwa kwa asidi ya salfa, na mtu wa laboratwari hahitaji kuonja wala kunusa asidi ili ajue nguvu yake. Anatumbukiza densimetri, kile kijiti cha kioo kinachoelea, na kusoma kimezama kiasi gani. Lita moja ya maji ina gramu 1,000. Lita moja ya asidi kali ina gramu 1,840 hivi. Anayeongeza maji kwenye asidi anaonekana hapo hapo kwenye namba.

Mafuta ya kunukia nayo yana uzito wake. Mengi ni mepesi kuliko maji: ya limau, ya sinda, ya mkaratusi, yote yako kati ya gramu 850 na 930 kwa lita. Ya karafuu ni tofauti, yana gramu 1,040 hadi 1,070. Kwa hiyo tone la mafuta safi ya karafuu huzama. Linaweza kukaa juu kwa sekunde chache kwa sababu ngozi ya maji hulishika, lakini ukikoroga polepole linashuka chini ya glasi na kukaa kama kito kidogo cha rangi ya njano. Ikiwa muuzaji ameongeza mafuta ya kupikia au mafuta ya taa, mchanganyiko huelea au hugawanyika. Ikiwa ameongeza alkoli, maji hugeuka meupe kama maziwa na tone hupungua. Kwa chupa nyembamba jambo hilo huonekana wazi zaidi: weka maji na mafuta kwa kiasi sawa, piga alama kwa kalamu, funga, tikisa, acha vitulie. Mafuta yakishuka chini ya alama yake, sehemu iliyopotea ilikuwa alkoli iliyokimbilia kwenye maji.

Mpaka hapo mnunuzi anaweza kufurahi. Lakini historia ya karafuu yenyewe inaonyesha mahali glasi ya maji inapoishia.

Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sultani Said bin Sultan ikapandwa kila mahali kwa kazi ya watumwa, wengine wao wakiwa wametekwa mbali bara, hata pande za Manyema. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba mengi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Zanzibar ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, na kila aliyepitisha gunia mkononi mwake, kuanzia shambani hadi ghalani, alikuwa na nafasi ya kulitia kitu.

Njia ya kwanza ilikuwa unyevu: karafuu isiyokauka vizuri ina uzito zaidi kwenye mizani. Ya pili ilikuwa makonyo, vile vijiti vinavyobeba vichwa vya karafuu. Makonyo yana mafuta pia, lakini kidogo. Karafuu nzuri hutoa mafuta sehemu 15 hadi 20 kwa 100, makonyo hutoa 5 au 6 tu. Gunia lenye makonyo mengi hunukia vizuri likifunguliwa na kumpa hasara anayelipeleka kiwandani. Ndiyo maana ununuzi wa Zanzibar mpaka leo huenda kwa madaraja, na makonyo yana bei yake pembeni. Njia ya tatu ilifanyika mbali na mashamba: karafuu zilizokwisha kukamuliwa mafuta kwa mvuke zilikaushwa na kurudishwa sokoni. Mama wa nyumbani anaweza kuzikamata. Karafuu nzima yenye mafuta yake, ikitupwa kwenye maji, huzama au husimama kichwa juu. Iliyokamuliwa hulala ubavu juu ya maji.

Ulaghai mkubwa ulikuja na chupa. Mti mmoja wa karafuu hutoa mafuta ya aina tatu: ya vichwa, ya makonyo na ya majani. Ya majani ni rahisi kupata, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Zote tatu zimejaa kitu kimoja, eujenoli, ndicho kinachotia ganzi kwenye jino. Zote tatu huzama. Mfanyabiashara anayechanganya mafuta ya majani kwenye mafuta ya vichwa hawezi kukamatwa kwa maji wala kwa karatasi, na pua ya kawaida haitamkamata. Mwenye jino linalouma hatapoteza sana, maana eujenoli ipo. Anayepoteza ni aliyelipa bei ya vichwa.

Visiwani Komoro kuna mfano mwingine unaofanana. Maua ya mlangilangi hupikwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta yanayotoka saa za kwanza, yaitwayo ekstra, ndiyo yanayokwenda kwenye marashi ya ghali. Yanayofuata yanashuka daraja: la kwanza, la pili, la tatu. Mafuta ya mwanzo ndiyo mazito, kwa hiyo wanunuzi wa Komoro hupanga madaraja kwa densimetri, kama asidi ya Shituru. Anayeuza daraja la tatu kwa jina la ekstra hajaongeza kitu kigeni hata kimoja. Amedanganya kwa jina tu.

Hata miti ilibadilishana majina. Sandali ya India ilipokuwa adimu, wafanyabiashara waligeukia msandali wa Afrika Mashariki, mti mwingine kabisa ambao mafuta yake yanakaribia harufu ile. Uling'olewa na mizizi yake, kwa sababu mafuta yako hadi mizizini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mataifa yaliuweka mti huo katika orodha ya CITES, yaani hauvuki mpaka bila kibali. Hapa jina la uongo lilimpunja mnunuzi, na likaumaliza msitu wa jirani.

Wakati Zanzibar ikihangaika na makonyo, Ulaya ilikuwa imeanza jambo kubwa zaidi. Mwaka 1868 Mwingereza William Perkin alitengeneza kumarini, harufu ya nyasi kavu, ndani ya maabara. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini, harufu ya vanila, bila kugusa vanila. Mwishoni mwa karne hiyo njia nyingine ilipatikana: vanilini ikatolewa kwenye eujenoli ya karafuu. Basi karafuu ya Pemba, ile iliyokuwa ikichanganywa na kuibiwa, ikawa nayo malighafi ya kuigiza harufu ya zao lingine.

Watu wengi hudhani kila kitu cha maabara ni bandia. Si hivyo. Marashi ya Houbigant yaitwayo Fougère Royale, ya mwaka 1882, yalitengenezwa kwa kumarini ya maabara, na Chanel No. 5 ya mwaka 1921, kazi ya Ernest Beaux, ina vitu vya maabara pamoja na maua ya kweli, langilangi ikiwemo. Hakuna aliyeibiwa hapo. Wizi huanza pale kitu cha maabara cha bei ndogo kinapowekewa etiketi ya ua la bei kubwa. Kilichobadilika tangu 1868 ni kwamba pua ilipoteza kazi yake ya hakimu. Harufu inaweza kuwa sawasawa na chupa ikawa ya uongo.

Wataalamu walijaribu kujibu. Mfaransa Jean-Baptiste Biot alikuwa ameona mwaka 1815 kwamba mafuta kama ya limau na tapentaini hupindisha aina fulani ya mwanga, kila moja kwa kipimo chake, na wakaguzi wakafanya jambo hilo kuwa mtihani. Wadanganyifu wakajifunza kuchanganya mpaka namba ilingane. Mwaka 1952 ikatangazwa kromatografia ya gesi, kazi ya Anthony James na Archer Martin, inayotenganisha mafuta sehemu kwa sehemu. Ndiyo inayotumika mpaka leo, na ndiyo inayoweza kutofautisha majani na vichwa vya karafuu. Kwa muuza beseni wa Shituru mashine hiyo ni kama haipo.

Upande wa marashi ya chupa, historia ilichukua njia nyingine. Zamani muuza manukato alimimina kutoka mtungi mkubwa, na mteja alikuja na kichupa chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 François Coty wa Paris alianza kuagiza chupa nzuri kwa René Lalique, fundi wa vioo, na marashi yakaanza kununuliwa kwa macho kabla ya pua. Chupa na jina vikawa ndivyo vyenye thamani. Mdanganyifu naye akafuata thamani ilipokwenda.

Afrika inao mfano wake. Mwaka 1920 kampuni ya London, W. J. Bush, ilitoa marashi yaitwayo Bint el Sudan, yaliyozaliwa Khartoum. Hayana alkoli, kwa hiyo Waislamu wengi waliyapokea, na kichupa chake kidogo chenye picha ya msichana wa Sudan kilisafiri masoko mengi ya Afrika. Umaarufu huo ndio ulioleta waigaji, ambao walichapa msichana yule yule kwenye chupa zisizo za kampuni. Hawakuhitaji kuiga harufu vizuri. Picha ilitosha kwa mnunuzi asiyesoma etiketi.

Sheria zilifuata polepole. Ufaransa ilikuwa na sheria ya alama za biashara tangu 1857. Kwa Congo, sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ndiyo inayolinda alama hizo, na ukaguzi wa bidhaa ni kazi ya OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kuitwa OZAC enzi za Zaire. Karatasi hizo zipo. Lakini mpaka wa Kasumbalesa hupitisha malori mengi, na katoni ya marashi ni kitu kidogo kati ya magunia ya unga na vipuri. Mnunuzi wa mwisho, yule mwenye beseni, bado anabaki mpimaji.

Kwa marashi ya kampuni, aanze na namba ya toleo. Kampuni nyingi kubwa huipiga chini ya boksi na chini ya chupa, na hizo mbili hulingana. Zikitofautiana au moja ikikosekana, chupa irudi depo. Herufi za jina zisomwe moja moja, maana waigaji hupenda kubadilisha moja tu. Kioo cha kweli kina uzito, kifuniko hakichezi, bomba la ndani halijikunji chini ya chupa, na mpulizo hutoka kama ukungu badala ya matone. Wengine husema namba ya mistari myeusi ikianza na 30 hadi 37 basi bidhaa imetoka Ufaransa. Huo ni ushahidi dhaifu: namba hiyo huonyesha mahali kampuni ilipojiandikisha, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuinakili.

Harufu nayo ina saa zake. Marashi yaliyotengenezwa vizuri hubadilika ngozini: ya dakika za kwanza siyo ya baada ya saa moja, na kitu fulani hubaki hadi jioni. Yanayopiga pua kwa ukali wa alkoli kisha kuisha kabla chai haijapoa yana kasoro. Aliye na deni la kulinda achukue chupa moja kwanza, aivae siku nzima, ndipo asaini zile tisa. Na adai risiti yenye jina la depo, hata kama mwenye depo atanuna. Chupa iliyokwisha ya marashi ya ghali nayo ivunjwe, kwa sababu kuna wanaozijaza upya, na hapo namba ya toleo, uzito na kifuniko vyote vitakuwa vya kweli, maji tu ndiyo ya uongo.

Hasara ya fedha hulipwa siku moja. Ya mwili ni mbaya zaidi. Marashi bandia yanaweza kuwa na metanoli, alkoli ya viwandani yenye sumu ambayo ikinywewa huua au hupofusha, na mvuke wake mwingi chumbani si salama. Mafuta ya karafuu, hata yakiwa safi kabisa, yanaweza kuunguza fizi, na kijiko kimoja au viwili vikinywewa na mtoto mdogo vinaweza kuharibu ini lake. Chupa ikae juu, mbali na mikono midogo. Yasipakwe kwenye fizi za mtoto anayeota meno. Mtu mzima apake tone moja kwa pamba, likiwa limepunguzwa kwa mafuta ya kula. Na ngozi ikiungua au kuvimba baada ya chupa yoyote, ioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha chupa yenyewe ipelekwe kwa daktari pamoja na mgonjwa, hata kama imebaki na tone tu, ili ajue anatibu nini.